Mfumo unawarudisha makarani kwenye ukurasa wa kuingia, lakini si kila mara: nianzie wapi kutafuta?

Dada wa Mifumo (Nakuru) ameuliza:

Hamjambo nyote. Ninatunza mfumo wa chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa hapa kaunti ya Nakuru. Makarani wa vituo vya kukusanya maziwa, kuanzia Molo na Olenguruone hadi Njoro na Subukia, huingia kwenye mfumo kila asubuhi kwa simu au kompyuta, wakaandika kilo za kila mkulima maziwa yanapopimwa, nasi wa ofisi ya mjini tukaziona papo hapo. Kwa muda sasa tumekuwa na tatizo ambalo limenishinda kulieleza, sembuse kulitatua.

Karani anaandika jina na nenosiri lake, anabonyeza kitufe cha kuingia, ukurasa unazunguka kidogo, kisha anarudishwa pale pale kwenye ukurasa wa kuingia bila ujumbe wowote wa kosa. Haambiwi kwamba nenosiri ni baya wala kwamba akaunti imefungwa. Akijaribu tena, pengine ataingia, pengine hataingia. Wapo walioniambia kwamba wakipakia ukurasa upya mara mbili tatu, bila hata kuandika nenosiri tena, wanajikuta wako ndani. Wengine huingia vizuri na kufungua ukurasa wa mkulima wa kwanza, lakini wakifungua wa pili wanatolewa nje. Na kuna jambo linalonishangaza zaidi: karani aliyelazimika kuingia mara mbili kwa kawaida hasumbuliwi tena asubuhi hiyo.

Tatizo hutokea asubuhi, wakati wa kupokea maziwa, na siku za mwisho wa mwezi hutokea mchana kutwa kwa sababu wakulima nao huingia kuangalia malipo yao. Nikijaribu mwenyewe alasiri nikiwa ofisini, sijawahi kukataliwa. Kwa hiyo nilidhani ni mzigo, ila vipimo vya kichakataji na kumbukumbu ya seva havionyeshi kuelemewa kokote.

Mfumo umeandikwa kwa lugha ya PHP, bila kiunzi (framework) chochote, juu ya mfumo endeshi wa Ubuntu. Seva ni mbili na mbele yake kuna nginx, programu inayogawa maombi ya watumiaji kati yake. Seva ya pili huanzishwa kwa ratiba saa kumi na moja alfajiri na kuzimwa saa nne asubuhi, na siku za malipo huachwa ikifanya kazi mchana kutwa, kwa sababu chama hakitaki kulipia seva isiyo na kazi.

Hadi sasa tumewaambia makarani wafute vidakuzi (cookies, yaani taarifa ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari ili imtambue mtumiaji), tumebadilisha manenosiri ya waliolalamika zaidi, na nimeongeza muda wa kipindi cha mtumiaji (session, yaani kumbukumbu ya kwamba ameshaingia) ufikie urefu wa saa nane kwa kutumia amri ya ini_set ndani ya msimbo. Kila hatua ilionekana kuleta nafuu siku ile, kisha malalamiko yakarudi. Karani mmoja wa Molo sasa haandiki kwenye mfumo kabisa: anaandika kwenye daftari huku dereva wa lori akipiga honi, halafu ananisomea kilo kwa simu mchana. Naomba mnielekeze mahali pa kuanzia.

Fundi wa Seva (Kisumu) amejibu:

Dada, pole kwa usumbufu, na asante kwa kueleza kwa kina, kwa kuwa maelezo yako yana karibu kila kitu tunachohitaji.

Kabla ya yote, nakuomba uache kubadilisha chochote kwa siku chache. Tatizo linalokuja na kwenda lina tabia mbaya ya kuifanya kila dawa ionekane imefaulu. Ukimwambia karani afute vidakuzi kisha ajaribu tena, huenda akaingia kwa sababu tu jaribio la pili lilikuwa na nafasi nzuri ya kufaulu hata bila kufuta chochote. Swali la kujiuliza ni hili: jaribio lililofaulu na lililoshindwa, la karani yule yule na kwa nenosiri lile lile, yalitofautiana kwa jambo gani? Inaweza kuwa seva iliyojibu, anwani ya IP aliyotokea, saa, kivinjari au jina la tovuti aliloandika. Sababu nje ya hizo ni chache mno.

Sasa tazama saa ulizotaja. Unasema tatizo ni la asubuhi na la siku za malipo, na kwamba alasiri hulioni kamwe. Hizo ndizo saa ambazo seva yako ya pili inafanya kazi. Umezihusisha na mzigo, na ni kweli mzigo huwa mkubwa saa hizo, lakini mambo mawili yanabadilika kwa pamoja: idadi ya watu na idadi ya seva. Mimi ningeshuku idadi ya seva kwanza. Hata hivyo dhana haitoshi, tuithibitishe.

Kwenye nginx, ongeza mstari huu ili kila jibu liseme lilitoka seva gani:

add_header X-Seva $upstream_addr always;

Kisha tengeneza muundo wa logi (rekodi ya maombi) unaoandika saa, anwani ya mtumiaji, seva ya nyuma, aina ya ombi, njia iliyoombwa, namba ya jibu na kitambulisho cha ombi:

log_format kuingia '$time_iso8601 $remote_addr $upstream_addr $request_method $request_uri $status $request_id';

Tumia $request_uri, usitumie $uri, kwa sababu mfumo ukielekeza kila kitu kwenye index.php, $uri itakuonyesha index.php tu na hutajua karani alikuwa akifungua ukurasa upi. Ndani ya PHP nako, andika kwenye logi alama fupi ya kitambulisho cha kipindi (ile namba ya siri iliyo kwenye kidakuzi cha karani), kwa mfano herufi nane za mwanzo za hash('sha256', session_id()). Usiandike kitambulisho chenyewe kizima, maana yeyote atakayeisoma logi hiyo ataweza kujifanya karani.

Halafu hakikisha vipindi vinahifadhiwa wapi kwa kuangalia mipangilio miwili ya PHP: session.save_handler (njia ya kuhifadhi) na session.save_path (mahali pa kuhifadhi). Usiziangalie kwa kuandika php -i kwenye terminali, kwa kuwa kwenye Ubuntu PHP ya terminali ina faili yake ya mipangilio, php.ini, na PHP ya tovuti ina nyingine. Weka ukurasa mdogo wa phpinfo, unaoonyesha mipangilio ya PHP ya tovuti, usome, uufute papo hapo.

Ukipata karani mvumilivu mwenye kompyuta, mwombe afungue zana za kivinjari kwa F12, aende sehemu ya mtandao, na aweke alama kwenye chaguo la kuhifadhi rekodi hata ukurasa unapobadilika. Bila alama hiyo, ombi la kuingia lenyewe hufutika mara tu anapoelekezwa kwingine, nanyi mtabaki mkitazama ukurasa wa mwisho usio na habari. Akikutumia faili ya HAR (rekodi hiyo ya maombi ikiwa imehifadhiwa), usiibandike hapa wala kwenye kundi la WhatsApp. Ndani yake mnaweza kuwa na vidakuzi vyake na hata nenosiri lenyewe, mbali na majina ya wakulima ambayo chama kina wajibu wa kuyalinda chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Mwenye Saiba (Bungoma) amejibu:

Nakubaliana na Fundi, lakini niongeze mambo mawili ninayokutana nayo kwa wateja wanaokuja kuingia kwenye mifumo ya kila aina, yasije yakachanganywa na hili.

La kwanza ni saa ya kompyuta. Mashine nyingi za vituoni ni kuukuu, na ile betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikishakufa, kila stima inapopotea tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Kivinjari kikiona cheti cha tovuti kimeanza kutumika katika "siku za usoni", kitakataa kufungua ukurasa au kitatoa onyo. Karani atakupigia na kusema "imekataa kuingia", na wewe utaandika hilo kwenye orodha yako pamoja na mengine, ilhali ombi lake halikufika kwa seva hata kidogo. Muulize kila anayelalamika aliona nini hasa kwenye kioo, na usikubali jibu la "imekataa".

La pili ni www. Kidakuzi kilichotolewa bila sifa ya Domain hurudishwa kwa jina lile lile tu lililokitoa. Karani aliyeingia kupitia anwani yenye www kisha akabonyeza kiungo kisicho nayo ataonekana mgeni. Chagua jina moja na lile lingine lielekezwe huko daima.

Dada wa Mifumo (Nakuru) amejibu:

Kaka zangu, asanteni. Jina la tovuti kwetu ni moja tu na lile la www tayari linaelekezwa, kwa hiyo hilo tuliache. Kuhusu saa za kompyuta, kituo kimoja cha Subukia kilikuwa na shida hiyo hiyo aliyoitaja mwenye saiba, na tumebadilisha betri.

Logi zimekuwa zikiandika tangu juzi. Nimechukua mfano mmoja wa karani wa Njoro, na nimeziita seva A na B ili nisiweke anwani zetu hapa (POST ni kutuma nenosiri, GET ni kuomba ukurasa, 302 ni kuelekezwa kwingine, 200 ni ukurasa kufunguka):

05:52:10 A POST /ingia 302
05:52:10 B GET /maziwa 302
05:52:11 A GET /ingia 302
05:52:11 B GET /maziwa 302
05:52:12 B GET /ingia 200

Alama ya kipindi ni ile ile kwenye mistari yote mitano. Yaani A inasema huyu ameshaingia, impeleke kwenye ukurasa wa maziwa. B inasema huyu simjui, imrudishe kwenye ukurasa wa kuingia. Nimepitia visa vingine vya asubuhi hiyo na vingi vina sura hiyo hiyo: anayepokea nenosiri ni mmoja na anayekataa ni mwingine. Session.save_handler ni files, na save_path ni /var/lib/php/sessions kwenye kila seva.

Vipo visa vichache ambavyo havifuati mtindo huo. Ni vya makarani wa Olenguruone na wa pande za Kuresoi wanaotumia simu. Hao wanatolewa nje hata pale ambapo maombi yote mawili yalikwenda kwa A.

Fundi wa Seva (Kisumu) amejibu:

Mistari yako mitano imemaliza ubishi kuhusu sehemu kubwa ya tatizo. PHP kwa kawaida huandika kipindi cha mtumiaji kwenye faili katika diski ya seva iliyopokea ombi. Karani alipoingia kupitia A, faili iliandikwa A, na B haina habari nayo. Nginx, usipoiambia vinginevyo, hugawa maombi kwa zamu, hili huku na lile kule, na kwa kuwa makarani wengi huomba kwa wakati mmoja, zamu zinapishana kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kutabiri ombi lake litaangukia wapi. Ni malango mawili ya boma moja, kila lango na daftari lake la wageni. Alasiri B imezimwa, lango ni moja, ndiyo maana ukijaribu wewe hukataliwi.

Yale mawili yaliyokushangaza nayo yana maelezo. Karani anayepakia ukurasa upya na kujikuta ndani amerudi tu kwa A kwa zamu. Hilo linawezekana kwa sababu session.use_strict_mode kwenu haijawashwa, kama ilivyo PHP inaposakinishwa. B inapoletewa kitambulisho isichokijua hukikubali na kufungua kipindi kitupu chenye kitambulisho hicho hicho. Ingekuwa imewashwa, B ingekikataa, ingetoa kidakuzi kipya, na kile cha A kingefutwa kwenye kivinjari, kwa hiyo hata kurudi A kusingemsaidia.

Na yule aliyeingia mara mbili akatulia asubuhi nzima ameingia mara moja kwa A na mara moja kwa B, akiwa na kitambulisho kile kile pande zote mbili. Hili linanieleza jambo jingine usilouliza: mfumo wenu haubadilishi kitambulisho cha kipindi baada ya mtu kuingia. Hiyo ni hatari, kwa kuwa mtu mbaya anaweza kumpandikizia karani kitambulisho anachokijua, akasubiri karani aingie, kisha akakitumia yeye. Ita session_regenerate_id(true) mara baada ya nenosiri kukubaliwa, na washa ule ukali wa session.use_strict_mode. Lakini usifanye hivyo kabla ya kuviweka vipindi mahali pamoja. Ukitangulia, ile nafuu ya kuingia mara mbili itaondoka na simu yako itaita kuanzia alfajiri.

Kwa kesho asubuhi, kama seva A inaweza kuubeba mzigo peke yake, usiiwashe B. Vipimo ulivyotaja vinaonyesha kwamba inaweza. Hicho pia kitakuwa kipimo: malalamiko ya Njoro na Molo yakome kabisa. Yasipokoma, basi mimi nimepotea njia na tuanze upya.

Tiba ya kudumu ni kuweka vipindi mahali ambapo seva zote mbili zinasoma. Hifadhidata mliyo nayo inaweza kufanya kazi hiyo kwa jedwali moja, na kwa makarani wa idadi yenu haitasikia uzito. Mkichagua Redis, programu inayohifadhi data kwenye kumbukumbu ya seva, session.save_handler iwe redis na save_path ielekeze kwenye seva hiyo kwa tcp na mlango 6379, na kuna mitego mitatu ambayo nimeona watu wakinaswa nayo. Isiwe wazi kwa intaneti, iwe kwenye mtandao wa ndani na yenye nenosiri. Pia isiwe ile ile inayotumika kama akiba ya muda yenye kanuni ya allkeys-lru, kwa sababu nafasi ikijaa Redis itatupa vipindi vya watu walio kazini, nawe utaletewa tatizo jipya la kutolewa nje ovyo ovyo, gumu kulisoma kuliko hili. Mtego wa tatu ni wa kimya zaidi: vipindi vya faili hufungwa kwa kufuli wakati ombi moja linapovitumia, lakini kiendeshi cha Redis cha PHP hakifungi mpaka uweke redis.session.locking_enabled kuwa 1. Usipoweka, maombi mawili ya karani yule yule yaliyokwenda kwa pamoja yanaweza kufutiana yaliyoandikwa kwenye kipindi.

Mhandisi wa Mitandao (Kakamega) amejibu:

Nimefuata mazungumzo haya kwa hamu. Kuna atakayekuja kushauri kwamba badala ya kuhamisha vipindi uweke tu ip_hash kwenye nginx, ili kila karani aende kwa seva moja daima. Napenda kutangulia kusema kwamba kwa watumiaji wa simu ushauri huo ni dhaifu. Kwa anwani za IPv4 (zenye sehemu nne za namba), ip_hash huangalia sehemu tatu za mwanzo pekee, na watu wengi wa mtandao mmoja wa simu hutokea kwenye anwani zinazofanana sehemu hizo, kwa hiyo seva moja itajaa na nyingine itakaa bure. Tena anwani ya simu ikibadilika, karani anatupwa kwa seva ya pili na tumerudi pale pale. Kidakuzi cha kumshikilia mtu kwa seva moja, kama HAProxy, programu nyingine ya kugawa maombi, inavyoweza kuweka, ni afadhali, lakini nacho hakisaidii wakati B inapozimwa saa nne na kuwaacha waliokuwa upande wake bila kipindi.

Sasa wale wa Olenguruone. Ningekuomba uangalie kama msimbo wenu unahifadhi anwani ya IP wakati wa kuingia na kuilinganisha kila ombi, kisha kukiharibu kipindi zikitofautiana. Mifumo mingi iliyoandikwa zamani ina ukaguzi huo, uliowekwa kwa nia njema ya kuzuia wizi wa vidakuzi. Kwa ofisi yenye intaneti ya nyaya na anwani isiyobadilika haumsumbui mtu. Kwa simu ni balaa.

Anwani za IPv4 hazitoshi, kwa hiyo kampuni za simu huwapa wateja anwani za ndani, na mwaka 2012 fungu zima la 100.64.0.0/10 lilitengwa kwa kazi hiyo, kisha huwatoa nje maelfu kwa maelfu kupitia anwani chache za pamoja. Hakuna ahadi kwamba simu itatoka kwa anwani ile ile baada ya kupoteza mawimbi na kuyapata tena, na pande za Kuresoi kupoteza mawimbi ukivuka kilima ni jambo la kawaida. Karani aliyeanza kwa Wi-Fi ya kituo akatoka kwenda kwenye mizani na simu ikahamia data naye amebadilisha anwani. Na kama jina la tovuti yenu lina anwani za IPv4 na IPv6 (aina mpya ya anwani) pamoja, kivinjari kinaweza kutuma ombi moja kwa njia hii na lingine kwa njia ile katika dakika hiyo hiyo, kwa kuwa hujaribu zote na kushika inayowahi kujibu. Anayetumia Opera Mini katika hali yake ya kubana data hata hafiki kwenu moja kwa moja, kurasa zinapitia seva za Opera kwanza.

Ukiukuta ukaguzi huo, uondoe. Kinachomlinda karani ni kidakuzi chenye sifa za Secure, HttpOnly na SameSite=Lax (zinazozuia kisisomwe wala kutumwa ovyo), kitambulisho kinachobadilika baada ya kuingia kama alivyosema Fundi, na kuombwa nenosiri tena kabla ya jambo zito kama kubadilisha namba ya simu ya malipo ya mkulima. Anwani iandikwe kwenye logi kwa ajili ya uchunguzi, isitumike kumfukuza mtu. Na ukiiandika, usiichukue bila kufikiri kutoka X-Forwarded-For, yaani orodha ya anwani inayokuja pamoja na ombi: thamani ya mwanzo kabisa mle huletwa na mtumiaji mwenyewe, na anaweza kuweka anayotaka. Iamini ile tu iliyoongezwa na nginx yenu.

Pia tazama kama mna kikomo cha majaribio ya kuingia kinachohesabu kwa anwani. Wateja wa simu wanaotokea kwenye anwani moja ya pamoja watafungiwa wote kwa makosa ya mmoja. Hesabu kwa akaunti na anwani kwa pamoja.

Dada wa Mifumo (Nakuru) amejibu:

Seva B haijawashwa kwa asubuhi tatu zilizopita, na kutoka Molo, Njoro na Subukia sijapokea lalamiko la kurudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. A imeubeba mzigo bila shida. Kaka wa Kakamega naye amelenga: kwenye faili ya ukaguzi wa watumiaji kuna mistari inayolinganisha $_SESSION['ip'] na anwani ya ombi, na isipolingana inaita session_destroy. Nimeiondoa, na badala yake anwani mpya inaandikwa kwenye logi. Karani mmoja wa Olenguruone leo amebadilisha anwani zaidi ya mara moja kabla ya lori kuondoka, na hakutolewa nje.

Tumeamua kuweka vipindi kwenye hifadhidata, kwa sababu hakuna mtu hapa wa kuitunza Redis nikiwa likizo. Kabla sijahamisha, limebaki jambo moja. Niliweka session.gc_maxlifetime, yaani ule muda wa kipindi wa saa nane, kuwa sekunde 28800 kwa ini_set, lakini mhasibu wetu wa mjini, anayetumia kompyuta moja na intaneti ya nyaya, akienda kunywa chai na kukaa kidogo akirudi anaombwa nenosiri. Seva ni moja na anwani ni moja. Hilo linatoka wapi?

Fundi wa Seva (Kisumu) amejibu:

Linatoka kwa Ubuntu yenyewe. PHP ya kawaida husafisha vipindi vya zamani kwa bahati nasibu, takriban ombi moja katika mia, lakini Debian (mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake) na Ubuntu wameizima njia hiyo kwa kuweka session.gc_probability kuwa 0, na badala yake kuna kazi ya ratiba iitwayo phpsessionclean ambayo hupita kwenye /var/lib/php/sessions kila nusu saa, dakika ya 9 na ya 39. Kazi hiyo husoma muda kutoka kwenye faili za php.ini tu. Haijui lolote kuhusu ini_set iliyo ndani ya msimbo wako, kwa hiyo bado inatumia sekunde 1440, yaani dakika 24. Mhasibu akikaa bila kugusa kitu, faili yake hufutwa mahali fulani kati ya dakika 24 na 54, kutegemea chai ilianza lini ukilinganisha na ratiba. Ndiyo maana naye anaona kana kwamba mfumo unamchagulia siku.

Ukihamia kwenye hifadhidata, kazi hiyo haitagusa vipindi vyako tena, lakini kumbuka kwamba hakuna kitakachovisafisha pia, kwa kuwa gc_probability bado ni 0. Andika kazi yako ya ratiba inayofuta safu ambazo hazijatumika kwa muda mnaoutaka, na muda huo upimwe kwa saa ya hifadhidata peke yake. Nimeona mfumo ambao seva moja iliandika saa za UTC na nyingine saa za Afrika Mashariki, zilizo mbele kwa saa tatu, na vipindi vya upande mmoja vikawa vinafutwa vikiwa na dakika chache tu kwa sababu vilionekana vimekaa saa tatu. Endesha timedatectl, amri inayoonyesha saa na ukanda wa saa, kwenye seva zote mbili kabla ya kuiwasha B tena.

Saa nane kwa mhasibu nazo ni nyingi mno. Karani wa kituo anahitaji asubuhi moja, lakini kompyuta inayoidhinisha malipo isiachwe wazi mchana kutwa wakati mwenyewe yuko chai. Wape makarani saa tano na mhasibu dakika 30, na muda wa kila mmoja uandikwe kwenye jedwali la akaunti.